Mwaka Niliomfufua Stelingi

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ukalimani wa video lilikuwa kumfufua mtu aliyekwisha kufa. Alikuwa mtu wa kwenye kanda, mzungu mwenye kofia iliyochakaa na ndevu zenye vumbi, na alikufa katika sehemu ya pili tu ya tamthilia ndefu ya kikauboi. Mimi, nikiwa na miaka ishirini na daftari mkononi, niliwaambia watu waliojaa banda zima pale Kilwa Kivinje kwamba hakufa. Nililikumbuka kosa hilo mwezi uliopita, nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba Bi Zuhura, aliyekuwa mwenye banda lile, anaumwa sana na nijitahidi kufika. Niliielewa simu ile. Kwetu mtu haambiwi kwa mbali kwamba amefiwa. Anaambiwa kuna mgonjwa, anapanda gari na matumaini yake, na ukweli anaukuta mlangoni, majamvi yakiwa yametandikwa. Nilifika nikayakuta majamvi. Juu ya maziko sina la kuandika, yalikwenda kama maziko yanavyokwenda. Ila nilipokuwa nimekaa pale, mgongo ukutani, niliona kwamba katika maisha yangu yote hakuna mwaka ninaoujua chumba kwa chumba kama ule niliokaa kwa mama yule, na kwamba sijawahi kumweleza mtu nilichofanya.

Banda lenyewe lilikuwa ghala la ng'onda. Kabla ya video, Bi Zuhura alikuwa akinunua samaki waliokaushwa na kuwapeleka bara, na hata baada ya kupaka chokaa mara mbili kuta ziliendelea kunuka chumvi na samaki, hasa mvua ikinyesha. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa: madukani kukawa na sabuni za kuchagua, mitumba ikafika mpaka Likawage, na mtu aliyepata kitu chake alikileta nyumbani bila kuulizwa kakipata wapi. Mdogo wake Bi Zuhura, Selemani, alikuwa Tunduru kwenye machimbo ya vito. Jiwe lake la kwanza la maana liligeuka televisheni, deki na jenereta, vikaja juu ya lori vikiwa vimefungwa kwenye godoro. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Mabenchi yalichongwa na Fundi Linus, Mmakonde wa Newala aliyekuwa na karakana jirani, Mkristo mwenye sauti nzito na utani usiokwisha. Onyesho lilianza baada ya swala ya alasiri na jenereta lilizimwa kabla ya adhana ya magharibi. Hayo yalikuwa makubaliano na majirani, na Bi Zuhura hakuyavunja hata siku moja, hata kama risasi zilikuwa zinaendelea.

Kiingereza changu nilijifundisha mwenyewe nikiwa Rutamba, kwa kamusi isiyo na jalada na redio ya mbao. Darasa la saba nilimaliza, sekondari sikuchaguliwa, na nadhani kuanzia hapo nilijiapiza kwamba hakuna atakayenikuta tena nimekosea. Ni ugonjwa, siusifii. Bi Zuhura aliponichukua kazi alinipa chumba cha uani, kitanda cha kamba na taa ya chemli, na kila asubuhi nilikuwa naiangalia kanda ya siku ile peke yangu ghalani, nikiandika kila sentensi, nikirudisha nyuma mpaka deki linapata moto na yeye anakuja kuligusa kwa kiganja na kunitazama. Jioni nilisimama kando ya televisheni, sauti ikiwa chini, nikisema yote kwa zamu zao: mzee kwa sauti ya mzee, mwanamke kwa sauti ya mwanamke. Wiki ya kwanza nilikwama kwenye neno moja, nikanyamaza kama sekunde tano, na mtu wa nyuma akasema kwa upole kabisa, "Mwacheni, mwalimu anatafuta chaki." Banda zima lilicheka. Usingizi ulinipotea siku mbili. Watu walikwisha sahau kesho yake, mimi bado naisikia sauti ile.

Kanda ya kikauboi ililetwa kutoka Dar na dereva anayeshusha mizigo Nangurukuru. Watazamaji wetu kauboi walimjua: kofia safi, farasi mweupe, bastola mbili, adui mia moja wanaanguka na yeye hata kola haipati jasho. Huyu alikuwa mwingine. Katika sehemu ya kwanza mji wote ulikuwa tope. Watu walitemeana mate, jino la mtu liling'olewa kwa koleo bila dawa, na stelingi, yaani yule mkuu wa hadithi, alikuwa mtu wa makamo anayekohoa na kuchelewa kuamka. Ajabu ni kwamba walimpenda. Wavuvi walimpenda kwa sababu nyavu zake, yaani zile kamba zake za kukamatia ng'ombe, alizisuka mwenyewe. Wakinamama waliokaa benchi la mbele walimpenda kwa sababu alimsubiri mkewe ale kwanza. Walimpa jina, Mzee Kikohozi, na akikohoa na wao wanakohoa. Siku ile walitoka wakibishana kwa furaha kuhusu adui gani atakayeuawa wa kwanza, maana kanuni ya banda ilikuwa moja na kila mtoto aliijua: stelingi hafi.

Asubuhi ya sehemu ya pili nilimwona akifa. Alikuwa kisimani ananawa uso. Kijana mmoja mwembamba, ambaye hata hakuwa amesema neno tangu mwanzo, akampiga risasi ya mgongo, basi. Hakuna muziki wala maneno ya mwisho. Akaanguka kifudifudi na maji ya kisima yakaendelea kumwagika. Nilirudisha nyuma nikidhani nimeruka kipande. Nikarudisha tena. Walimbeba, wakampigilia misumari ndani ya sanduku la mbao, wakamfukia kwenye kilima chenye upepo, na mtu mmoja akasoma kitabu haraka haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilikaa na kalamu yangu mbele ya kioo kisicho na picha, na nitasema ukweli kwamba sikumhurumia marehemu. Nilijihurumia mimi. Niliwaona wale watu wakinigeukia na kicheko cha chaki, mara hii wakiwa na hasira ndani yake, kana kwamba mimi ndiye niliyemuua. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeandika upya kurasa nne, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Jioni risasi ilipolia, banda lilinyamaza kiasi cha kusikia jenereta likimeza mafuta. Halafu mtu akauliza, kama anayeuliza nyumbani kwake, "Kaumia wapi?" Nikasema begani. Nikasema anapoteza damu lakini tabibu yupo. Waliombeba, kwa maneno yangu, walikuwa wakisema shikilieni kichwa, msimtikise. Watu wakapumua. Mama mmoja benchi la mbele akasema risasi ya bega haina neno, shemeji yake alipigwa ya bega na leo analima Tingi. Kisha likaja sanduku. Hapo nilikuwa nimejiandaa vizuri kuliko popote: nikasema stelingi ametoa amri bunduki zote zifichwe ardhini, adui asizipate, na yule msomaji anahesabu orodha yake. Wengi walikubali. Wazee wetu huzikwa kwa sanda, jeneza la mtindo ule wengi hawakuwa wamelisimamia hata mara moja, na zaidi ya yote walitaka kukubali. Wakaanza kusifu ujanja wa Mzee Kikohozi. Ndipo Fundi Linus, aliyekuwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao nyweleni, akaniita kwa jina la utani wetu, mimi Mmwera na yeye Mmakonde.

"Mtani," alisema, "bunduki zina mabega?"

Akaja mpaka mbele, akaweka kidole juu ya kioo. Akaonyesha pale sanduku linapopanuka juu na kubana miguuni, akasema masanduku kama yale anayatengeneza yeye, kwa ajili ya watu wa misheni, na hakuna anayechonga pembe sita kwa ajili ya bunduki. "Huyu nimempima tangu anaanguka. Futi sita kasoro." Mtu akamwambia arudi kwenye majeneza yake, asitutie nuksi. Mwingine akasema wazungu wana masanduku ya kila umbo. Mvuvi mmoja akaapa kwamba yeye mwenyewe amemwona stelingi akitikisa kidole ndani ya tope. Walikuwa wamesimama nusu yao, wanatishiana kwa vidole, na wote waligeuka kunitazama mimi niamue. Nikasema Fundi anaelewa mbao, mimi naelewa lugha. Wakapiga makofi. Linus alinitazama kidogo, bila hasira, akatoka.

Siku nne zile kabla ya sehemu ya tatu mji uligawanyika, na mimi nilipita katikati yake nikijifanya natafuta kiberiti. Kwenye kahawa nilisikia kundi la Mzima na kundi la Marehemu. La Mzima lilikuwa kubwa, na hoja yake ilikuwa mimi: kijana amesoma, anaandika kabla, hakosei. La Marehemu lilikuwa Linus na wanafunzi wake wawili wa useremala, pamoja na mzee mmoja wa madrasa ambaye hakuwahi kuingia bandani ila alisema mtu akipigwa mgongoni kisimani huwa amekufa, hiyo haihitaji Kiingereza. Wanawake sokoni walikuwa wakali zaidi. Walitaka kujua, kama mume yuko hai, kwa nini mke alionekana akilia jikoni. Nikamsikia muuza mihogo akijibu kwamba mke wa mgonjwa naye hulia. Usiku nilifungua daftari nikajaribu kuandika namna ya kumrudisha, nikashindwa, maana sehemu ya tatu nilikuwa nimeiona na hakuwemo.

Walipoiona wao, walikaa wakimsubiri. Hakuna aliyefuatilia mambo ya kioo, walikuwa wanatazama milango ya nyumba za mle ndani, kila mlango ukifunguka wanainuka. Nilisema yuko mji wa pili anauguzwa. Nilisema ametuma salamu. Katikati ya kanda yule mjane akaonekana na gauni jeusi akimpa mtu mwingine farasi wa mumewe, na kutoka nyuma mtu akasema polepole, kama anayejisemea, "Huyu bwana anatuchezea." Hawakuzomea. Walitoka mmoja mmoja kabla ya mwisho, na hilo lilikuwa baya kuliko kuzomewa.

Bi Zuhura aliniita uani. Alikuwa amepakua ugali wa muhogo na ng'onda wa nazi, sahani moja, akanawa, akaniambia ninawe. Tulikula mpaka sahani ikaanza kuonyesha maua yake ya chini. Huyu mama alisoma chuoni, yaani madrasa, Kurani alikuwa anaisoma kwa sauti ya kukutuliza, lakini herufi za barua zilimtatiza, na mwaka ule wote mimi ndiye niliyemwandikia Selemani na kumsomea majibu yake. Aliniuliza, "Alikufa?" Nikasema alikufa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kisimani. Alikusanya tonge la mwisho akalisogeza upande wangu.

"Mimi yule mzungu simjui," alisema. "Wewe ndiye ninayekujua. Sasa nikikusikia unasema, nijue vipi?"

Kesho yake aliagiza sehemu ya pili irudiwe, bure, na kabla ya kuwasha jenereta akanisimamisha mbele. Nilikiri. Nilichosema sikukiandika popote, kwa hiyo sikikumbuki. Kisha nikatafsiri kama ilivyo. Risasi ilipolia nikasema, "Amekufa." Mtu mmoja akasema innalillahi, na kabla sijashangaa banda karibu zima likaitikia, kwa mzungu wa kwenye kanda, asiye wa dini yetu, aliyezikwa bila kuoshwa. Kijana mmoja akacheka, akafinywa na mama yake. Kwenye maziko hasira ikawageukia wenyeji wa mle ndani: mbona wamemsomea mbio mbio, mvua ni kitu gani. Walipoirudia ya tatu ugomvi ulikuwa juu ya mjane, aliyeonekana dukani siku ya pili. Eda yake iko wapi? Na farasi anagawaje kabla ndugu wa mume hawajafika? Linus, kutoka mlangoni, akasema farasi angepewa yeye, ndiye pekee aliyemlilia marehemu wakati wengine mnampeleka hospitali. Walicheka mpaka nikakosa nafasi ya kutafsiri. Nilidhani watatuhama. Sehemu ya nne mabenchi hayakutosha.

Ningeishia hapo hadithi hii ingekuwa nzuri na mimi ningekuwa nimejifunza. Lakini baada ya wiki tatu hivi, asubuhi, dereva wa lori lililotoka Masasi alisimama mlangoni akanipa bahasha. Juu yake hapakuwa na jina la Bi Zuhura. Iliandikwa: Kwa wazee wa nyumba. Nyumba ile haikuwa na wazee wa kiume, wajomba wake walikuwa ng'ambo ya mji, na mimi ndiye niliyezoea kufungua barua za Tunduru. Nikaifungua nikiwa nimesimama ukumbini. Ilikuwa ya mchimbaji mwenzake Selemani. Shimo lilikuwa limewafukia watatu.

Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani, anatoa mawe. Sijui alikuwa ameniangalia kwa muda gani. Nilijua la kufanya, kila mtu wa kwetu analijua: nikunje barua, niseme Selemani anaumwa kidogo, nitoke niende kwa wajomba, nao waje na shangazi yake, wakae, wazungumze mvua na mashamba, mpaka mwenyewe aelewe kabla neno halijatamkwa. Tayari nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikwisha sema, "Bi Zuhura, Selemani—" na sauti yangu, naapa, ilikuwa ile ninayoitumia bandani.

"Usinitafsirie," alisema. "Nisomee."

Nikasoma. Nilisoma salamu zote, nikasoma habari ya shimo, nikasoma jina la mahali alipozikwa, na nikasoma, kwa sababu iliandikwa, "tafadhali msimwambie dada yake kwa ghafla." Mikono yake ilibaki ndani ya mchele. Akaniambia nirudie pale alipozikwa. Nikarudia. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Nami nikaiweka barua mkekani, nikavaa kandambili zangu, nikatoka.

Nilitembea barabara ya Nangurukuru mpaka jua likawa utosini. Njiani nilikuwa najiambia kwamba nimefanya sawasawa, neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza, na nakumbuka kabisa kwamba ndani yangu palikuwa na fahari kidogo. Naona aibu kuiandika, lakini ilikuwepo. Niliporudi majamvi yalikuwa nje. Linus ndiye aliyemkuta. Alikuja kurekebisha mguu wa benchi, akaona mlango wazi na mama wa watu amekaa peke yake, mchele umemwagika wote. Haikuwa adabu yeye, mwanamume wa nje, kuingia kukaa naye, kwa hiyo alisimama mlangoni akiwaita majirani kwa sauti ile yake nzito mpaka walipofika, na hakuondoka mlangoni pale mpaka alasiri. Nilitegemea kulaumiwa kwa kuivunja desturi. Nilikuwa na majibu. Shangazi yake, Bi Mwanahawa, mwanamke mdogo wa umbo aliyejifunga kanga kiunoni, alinitoa kando penye mitungi, nikamwamkia shikamoo na hakuitikia.

"Kumwambia umemwambia, hilo limekwisha," alisema. "Ulimwacha na nani?"

Nilichota maji siku zote za msiba ule, nikasogeza masufuria, nikakaa nyuma ya watu kwenye hitima, na Bi Zuhura hakunigusia neno, si wakati ule wala miaka iliyofuata. Baada ya arobaini alifungua ghala mwenyewe, akafagia, akaniuliza tulifika sehemu ya ngapi. Nikamwambia ya tano. Nilifanya kazi kwake mpaka mwisho wa mwaka, kisha nikaenda Lindi, na maisha yakaendelea huko.

Kilichobadilika tangu hapo si kikubwa. Kukosea bado naogopa, na hata ukurasa huu nimeuandika mara tatu. Ukalimani wa video niliuacha. Lakini nimeendelea kuwasomea watu barua zao, na siku hizi ujumbe wa simu kwa wasioona vizuri, na baadhi zimekuwa na habari kama ile. Nazisoma kama zilivyoandikwa. Nikimaliza nakaa palepale, hata kama hatuna la kuzungumza, mpaka mtu wao mwingine afike.